Mwanamke Aliyesiriba Kiambaza Chetu

Ninalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala shangazi wa jirani yangu. Sikuliota. Wala sikuwa na homa. Mwenye homa alikuwa mume wangu. Mikono yangu ilikuwa na udongo hadi viwikoni, na jua lilikuwa juu ya utosi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utaniuliza kama ilikuwa usiku. Haikuwa usiku. Watu hudhani waliokufa hungoja giza. Niamini, huyu wangu alikuja mchana kweupe, wakati ambao hata kuku wamejilaza chini ya ghala. Na ukiniuliza kama alikuwa na kivuli, nami nitakuuliza: jua la saa sita, wewe unacho?

Mimi sikuzaliwa kijijini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Isaka, akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na stesheni, miaka ile reli ya kwenda Mwanza ilipokuwa bado mpya na watu wakitoka mbali kuja kulitazama gari moshi. Asili yake ilikuwa Umanyema. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kisukuma nilikiokota sokoni, tena kibovu. Maduhu alikuja kwa baba kushonewa suruali. Alikuwa ametoka kuchimba dhahabu upande wa Geita, mwembamba, mpole, masikio yamemsimama kama ya sungura. Suruali ile aliirudisha ipunguzwe, kisha iongezwe, kisha ipunguzwe tena, mpaka baba akaweka mkasi chini akamwuliza, "Kijana, unataka suruali au unataka binti?"

Ndivyo nilivyoolewa.

Maduhu hakuwa na mama wala baba. Walikufa wote wawili kwa homa, wa kwanza mama, naye akiwa mtoto anayejifunza kutambaa. Watu walipoona nyumba ile inaua, waliihama, na mjomba mmoja akambeba mtoto mgongoni akaenda kumlea mbali. Alikua akiambiwa kwamba kwao ni ng'ambo ya Segese, na kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa msonge mkubwa kuliko yote ya upande ule. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kurudi kuisimamisha.

Tulifika kiangazi. Loo, ungeiona nyumba yenyewe! Paa lilikuwa limeanguka ndani. Ukuta wa mviringo ulisimama nusu, na mchwa walikuwa wamejenga kichuguu mlangoni kama vile wao ndio wenye mji. Kilichokuwa kizima ni ua wa minyaa tu, mnene, umerefuka hadi hauoni ng'ambo. Nilikaa juu ya mzigo wangu nikataka kulia. Maduhu alikuwa akizunguka, anagusa gusa ukuta, anacheka peke yake. Nikameza kilio changu.

Jamaa pekee aliyebaki karibu alikuwa dada wa baba yake, mama mtu mzima mwenye sauti kavu, ambaye sote tulimwita Sengi, maana Wasukuma ndivyo wamwitavyo shangazi. Alikaa ng'ambo ya kijito na wanawe wakubwa. Alitupa pa kulala, akatupa michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, lakini kwenye ule mji wa kaka yake hakukanyaga. "Mkimaliza nitakuja," alisema. Nilidhani anachoka kutembea.

Wewe uliyezaliwa kwenye bati na saruji hujui raha ya kujenga nyumba kwa mikono. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa karibuni, moyo unarudi kule. Wanaume walikata nguzo na fito, wakazifunga kwa kamba za magome, wakiimba, na jioni wanapiga pombe ya mtama niliyoambiwa nipike mimi, binti wa fundi cherehani, nisiyejua hata kuikoroga. Walikunywa hivyo hivyo. Mmoja akasema, "Pombe ya mke wa Maduhu haileweshi, ila inafundisha uvumilivu." Kijiji kizima kikaibeba kauli hiyo. Nilikasirika wakati ule. Leo ningetoa chochote nikawasikie wananicheka tena.

Paa lilipopanda, kazi ya udongo ikabaki kwangu, kwa kuwa udongo ni wa wanawake. Maduhu alikuwa akienda mbali kutafuta nyasi za kuongezea paa, anarudi jua likizama. Nilibaki peke yangu nikisiriba kiambaza cha ndani, kile kinachokata chumba cha kulala na sehemu nyingine. Udongo wangu ulikuwa ukikauka unapasuka, unadondoka vipande.

"Umekosa mavi ya ng'ombe."

Niligeuka. Mwanamke alisimama mlangoni, umri wangu au kunizidi kidogo, amejifunga kaniki iliyopauka, na bangili za shaba mkononi. Hakupiga hodi. Nikamwamkia, "Mwadila," naye akaitika, kisha akainama akachukua donge la udongo wangu, akalivunja kwa vidole kama mtu anayeonja ugali.

"Na mchanga umezidi. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. "Mimi wa stesheni."

Akacheka. Alikuwa akicheka kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa sijacheka na mwanamke mwenzangu tangu nitoke Isaka. Kisukuma chake nacho kilikuwa kibovu, ila ubovu wake haukuwa kama wangu. Alikuwa Msumbwa, aliniambia, wa magharibi huko, njia ya Biharamulo, akaolewa huku. "Walinicheka mpaka nikanyamaza," akasema. "Wewe usinyamaze. Ukinyamaza watakusahau."

Alikuja siku ile, akaja na nyingine, akaja na nyingine. Kila mara ni jua la utosini, na kila mara alikuwa ameondoka kabla Maduhu hajarudi. Alinifundisha kuchanganya udongo, kuukanyaga, kuuacha ulale. Alisiriba kwa vifundo vya vidole, si kwa kiganja, akiacha mawimbi madogo madogo yanayofuatana ukuta mzima. Nilimkaribisha chakula, akasema ameshiba. Nilimkaribisha maji, akasema hana kiu. Je, sikupaswa kushtuka? Sikushtuka. Mtu akiwa mpweke hahesabu kasoro za rafiki yake.

Alipenda kuniuliza habari za mume wangu. Si kama wanawake wanavyoulizana. Aliuliza, analalaje, chali au ubavu? Anapenda maziwa? Akiwa na usingizi bado anajikuna sikio?

"Anajikuna kweli!" nikasema. "Umejuaje?"

"Wanaume wote hujikuna," akasema, akageukia ukuta.

Nilimweleza Maduhu. Akafurahi kwamba nimepata mwenzi, akaniuliza jina lake. Kesho yake nikamwuliza jina. Akanijibu, "Mimi ni mke wa hapa hapa." Nilielewa kwamba ni wa kijijini hapo. Wewe ungeelewa nini?

Nyumba ikaisha. Tuliingia mwezi ukiwa mpya, tukatandika ngozi zetu chini upande wa ndani, kando ya kiambaza, mahali penye joto. Maduhu alilala akitazama paa, akaniambia, "Sasa nimezaliwa." Tangu tulipohamia, yule mwanamke hakuonekana. Nilimngoja, nikaona labda ana shughuli za shamba.

Halafu homa ikaja.

Ilimwangusha Maduhu kama mti. Kichwa, mgongo, kutapika, mwili unaunguza hadi huwezi kuushika. Kisha ikaondoka yenyewe, jasho likamtoka, akaamka akaomba uji, akasema kesho anakwenda kuangalia shamba. Tukashukuru. Ikarudi. Ikaondoka tena, ikarudi tena, na kila ikirudi ilimkuta amepungua. Mganga alileta mizizi tukachemsha. Mimi nilisoma aya zote nilizofundishwa chuoni Isaka. Macho yake yakawa ya manjano, mbavu zikahesabika. Usiku alikuwa akiita, "Mayu, mayu," yaani mama, yeye ambaye hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo.

Nikaenda kumleta Sengi. Safari hii hakukataa. Aliingia akijikunyata, akamgusa mgonjwa, akainua macho kwenye kiambaza. Akakaa chini pale pale.

"Nani amesiriba ukuta huu?"

"Mimi, na jirani mmoja."

"Jirani gani? Huku hakuna anayesiriba kwa vifundo. Huku tunatumia kiganja." Alipitisha mkono karibu na mawimbi yale bila kuyagusa. "Aliyekuwa akisiriba hivi alikuwa mmoja tu, na tulimcheka sana kwa hilo. Nyamizi. Msumbwa. Mke wa kaka yangu."

Nilimwuliza alikuwa akicheka vipi. Swali la kijinga, eeh? Sengi akavuta pumzi ndani, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Nilikuwa nimekaa na mama mkwe wangu mchana kutwa, tukicheka, tukipakana udongo, naye yuko kaburini tangu mume wangu hajatembea!

"Amemjia mwanawe," Sengi alisema. "Alikufa hajamwachisha ziwa. Mwondoeni hapa leo hii."

Maduhu alisikia. Kutoka kwenye ngozi yake akasema kwa sauti ndogo, "Sengi, siihami nyumba ya baba mara ya pili." Na hata kama angekubali, angefika wapi katika hali ile? Sengi akaondoka kwenda kuwatafuta wanawe washauriane. Nikabaki peke yangu na mgonjwa, jua linapanda.

Nilitoka kuchota maji mtungini. Niliporudi, alikuwepo.

Alikuwa amekaa chini, kichwa cha Maduhu kimelala mapajani pake. Anamkuna sikio, polepole. Na mume wangu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akigaagaa na kutetemeka, alikuwa ametulia tuli, uso umelainika kama wa mtoto. Utulivu ule ndio ulionitisha kuliko homa. Nikapiga magoti, kata ya maji bado mkononi.

"Shikamoo, mama."

Alininyanyulia macho. Siku zote alikuwa akiniita mwenzangu. Akasema, "Marahaba, mkamwana. Leo umenijua."

"Mama, umekuja kumchukua?"

"Simchukui. Yeye ndiye anayekuja. Anakuja kwa njia niliyopita mimi."

"Njia gani?"

Akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole. "Hii. Hapa ndipo nilipolala, penye joto. Na mume wangu baada yangu, hapa hapa. Waliolala darini kwenye magunia ya mtama hawakuugua. Mtu ukiwa hai hulioni hilo. Ukishakufa una nafasi ya kufikiri."

Sikiliza maneno hayo. Mpaka leo nayasikia.

"Basi niache nimtoe," nikasema.

Hakusogea. Mkono wake uliendelea na sikio lile. Maduhu alitabasamu akiwa amefumba macho, akasema, "Mayu," si kwa kuita sasa, bali kama mtu aliyeitikiwa. Pumzi yake ilikuwa imekuwa ndogo, inakawia. Nikaelewa kwamba mle ndani kulikuwa na wanawake wawili wanaompenda, na kwamba kwa mmoja wetu alikuwa anakwenda na kwa mwingine alikuwa anaondoka.

"Mama, mwache. Ukizidi kumshika atakufuata."

"Kidogo tu," akasema. "Sikumwona akitembea. Niliacha anatambaa. Hata meno yake sikuyaona yote."

Nilikuwa nalia. Nilimpenda yule mwanamke, usidhani nilimchukia. Lakini nilisema, "Mama, atatembea tena ukimwachia. Nakuapia. Ukimshika hatatembea."

Halafu akakishusha kichwa cha mwanawe juu ya ngozi, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akanyanyuka akapita kando yangu. Harufu yake ilikuwa ya udongo uliolowa. Mlangoni hakugeuka. Nilitoka mbio nyuma yake, na kati ya mlango na ua wa minyaa hapakuwa na mtu, ila kuku wamelala chini ya ghala, hata hawakushtuka.

Ndani nilisikia Maduhu analia kwa sauti. Alikuwa anatetemeka tena. Sijawahi kufurahia mtu kutetemeka kama siku ile.

Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka nje. Kisha nikachukua jembe nikapiga sakafu niliyoisawazisha mwenyewe. Udongo wa juu ulikuwa wetu, mpya, mwembamba. Chini yake ni sakafu ya zamani, imepasuka pasuka, na kwenye nyufa zile walikuwepo papasi. Unawajua papasi? Wadudu wa rangi ya vumbi, bapa, wamejikunyata kama mbegu. Wanangoja chini miaka na miaka, mtu akilala wanatoka, wanamnyonya, wanarudi. Walikuwa wengi hadi jembe liliwachota. Wanawe Sengi walipofika walinikuta namwaga maji ya moto huku nalaani kwa Kiswahili, Kisukuma na Kimanyema cha baba yangu.

Walimbeba Maduhu kwenye machela mpaka zahanati. Tabibu alimchoma sindano, akasema ni homa ya papasi, na kwamba nyumba za zamani zimemaliza watu wengi kwa ugonjwa huo. Akaniuliza nani aliniambia nichimbe. Nikamjibu mama mkwe wangu. Akasema, "Mama mkwe mwenye akili."

Akapona. Akatembea. Nilipoona ana nguvu za kusikia, nikamweleza yote, bila kuficha. Nilidhani atanishukuru.

Aliweka bakuli la uji chini. "Alikuwa amenishika?"

"Ndiyo."

"Ukamfukuza."

"Ungekufa, Maduhu."

"Najua. Lakini ungeniamsha kwanza. Ungeniamsha nimwone uso."

Sengi alitengeneza tambiko, tukajenga kibanda kidogo cha wazee waliotangulia pembeni mwa mji, tukamwaga unga uliokorogwa na maji, tukaliita jina la Nyamizi mbele ya watu. Lakini miaka na miaka baada ya hapo, jua likifika utosini, mume wangu aliacha jembe popote alipo akarudi kukaa ndani kando ya kiambaza. Hakusema anangoja nini. Mvua inyeshe, mavuno yaharibike, atakuja kukaa. Na mimi nilijifunza kutomwita saa ile.

Jioni ndiyo alikuwa akinigeukia. "Hebu niambie tena. Alikuwa mrefu?" Nami nasema, kama wewe. "Sauti yake?" Nzito kidogo, ya Kisumbwa. "Na kucheka?" Hapo navuta pumzi ndani, naye anacheka mpaka machozi. Dunia nzima nilikuwa mimi peke yangu niliyekaa na mama yake kama rafiki, Sengi alipokwisha kufa. Tulizeeka hivyo. Watoto wetu walidhani ni mchezo wetu tu.

Alipofika mwisho wake, mzee, kwa uzee tu na kifua, hakuwa na homa yoyote. Siku ile niliona pumzi zinakawia. Jua lilikuwa linapanda kufika katikati. Nikawaambia wanangu na wajukuu, tokeni wote. Wakabisha, nikawakaripia. Nikatoka mimi wa mwisho nikauegesha mlango, nikakaa nje kwenye vumbi, nikawaacha, yeye na mama yake. Sikusikia kitu. Siwezi kukudanganya kwamba nilisikia kitu. Jua lilipoinama nikaingia, alikuwa amekwisha kwenda, amelala ubavu.

Basi, wewe unayetaka kuamsha nyumba iliyolala, sikia. Kwanza chimba sakafu, choma, mwaga maji ya moto. Usisawazishe udongo mpya juu ya wa kale ukadhani umemaliza. Uliza nani alilala humo na alikufaje. Akija mtu mchana bila hodi akashika udongo pamoja nawe, usikimbie, lakini muulize jina mpaka akupe. Na kama ndani ya nyumba hiyo yumo mtu aliyemkosa mgeni huyo tangu utotoni, mwamshe, hata kama ana homa, hata kwa kumpiga kofi. Amwone uso. Kisha ndipo umwombe mgeni aende.